Besi Milia na Maji ya Kiangazi

Besi milia ni samaki wa pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, kuanzia Mto Saint Lawrence nchini Kanada hadi Mto Saint Johns huko Florida. Ana rangi ya fedha, na ubavuni mna mistari myeusi saba au minane inayotoka kwenye matamvua hadi mkiani. Maisha yake mengi ni ya baharini, ila wakati wa kutaga, majira ya kuchipua, hupanda mito. Mazalia makubwa kuliko yote ni mito inayomwaga maji katika Ghuba ya Chesapeake. Wakishataga, samaki wakubwa, ambao karibu wote ni majike, hushika njia ya kaskazini wakikimbia joto na kufuata chakula. Ifikapo Juni na Julai wengi wako Montauk, Block Island, pwani ya Massachusetts na hata Maine, na wavuvi wa mshipi wako huko huko wakiwangoja.

Kinachoamua uvuvi wa kiangazi ni joto la maji. Besi milia hupendelea maji ya baridi kiasi, yasiyozidi sana nyuzi 20 za Selsiasi. Maji yakipata moto zaidi, wakubwa huhama horini na kwenye vina vifupi, wakatafuta vilindi au miamba inayopigwa na mkondo, na kusogea ufukweni usiku tu. Anayerusha ndoana adhuhuri ya Julai, kwenye mchanga na maji yaliyotulia, aghalabu hurudi nyumbani na ngozi iliyobabuka, basi.

Mkondo nao una kazi yake. Besi milia hafukuzi chakula ovyo; hujibanza nyuma ya jiwe, kichwa kikielekea maji yanakotoka, akangoja vidagaa visombwe hadi mdomoni. Ndiyo sababu Mfereji wa Cape Cod, uliofunguliwa mwaka 1914 na ambao maji yake hugeuza mwelekeo kila baada ya saa sita hivi, una sifa kubwa kwa wavuvi wa nchi kavu. Hapo jedwali la kujaa na kupwa lina thamani kuliko saa ya mkononi, na siku za bamvua, maji yanapokwenda kwa nguvu, kingo za mfereji hujaa watu tangu alfajiri.

Alfajiri hiyo hutumika chambo bandia cha mti au plastiki kinachokokotwa juu ya maji. Mchana, mwenye mashua hutumia menhadeni hai, samaki wa mafuta wa jamii ya heringi, aliyetungwa puani ili aendelee kuogelea. Usiku ni zamu ya mkunga. Ni kwa mkunga ambapo Greg Myerson, Agosti 2011, alimnasa karibu na pwani ya Connecticut besi milia wa kilo 37.14, anayeshikilia rekodi ya dunia ya uvuvi wa mshipi.

Samaki huyu aliwahi kukaribia kuisha. Uvuvi wa kupindukia ulimpunguza mno mwishoni mwa miaka ya 1970. Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumlinda mwaka 1984, na Maryland ikapiga marufuku kumvua kuanzia 1985 hadi 1990. Idadi ilirudi, kisha ikashuka tena. Tangu 2023, anayevua baharini kwa burudani huruhusiwa kubaki na samaki mmoja kwa siku, mwenye urefu wa kati ya inchi 28 na 31, yaani sentimita 71 hadi 79. Wengine wote huachiwa.

Kuachia nako si salama kama kunavyodhaniwa. Wasimamizi hukadiria kuwa samaki 9 katika kila 100 wanaoachiwa hufa. Kiangazi hatari huongezeka, kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na samaki aliyechoshwa kwenye mshipi hukosa pumzi ya kujirudisha. Kwa hiyo mshipi uwe imara ili mvutano uwe mfupi. Anayetumia chambo halisi hulazimika kutumia ndoana ya duara, ambayo hunasa pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Nayo haitaki kukutuliwa, hukazwa polepole. Mikono ilowane kabla ya kumgusa samaki, asining'inizwe kwa taya, na aelekezwe kwenye mkondo hadi aondoke mwenyewe. Mwaka 2021 Maryland ilianza kufunga kabisa uvuvi huu katika Ghuba ya Chesapeake nusu ya pili ya Julai, ukiwemo ule wa kuvua na kuachia.