Nafasi ya 5,227,002

Kutoka Bukoto hadi Hospitali ya Mulago si mwendo mrefu. Bodaboda hushika Barabara ya Kira, hupita Kamwokya na Jumba la Makumbusho, halafu unaona mzunguko wa Mulago. Kijana aliyemaliza shahada ya sayansi na kupanga chumba Bukoto yuko jirani kabisa na wagonjwa. Akiwa na kompyuta ya kawaida na intaneti anaweza kuchambua vinasaba bila kumiliki maabara, maana kazi nzito hufanywa na seva iliyo mbali. Anachokosa ni mtu wa kumfundisha kwa vitendo, na hasa kumfundisha ni wakati gani asiliamini faili lililo mbele yake.

Tiba mahsusi, ile inayompa mgonjwa dawa au ushauri kulingana na vinasaba vyake mwenyewe, inategemea jambo hilo kuliko watu wanavyodhani. Mashine ya kusoma vinasaba haitaji ugonjwa. Hutoa mamilioni ya vipande vifupi vya herufi A, C, G na T, na kila herufi ina alama ya ubora: alama ya 30 maana yake kosa moja katika herufi 1,000. Programu huvipanga vipande hivyo juu ya jenomu rejea yenye herufi zipatazo bilioni 3, kisha huorodhesha kila mahali mgonjwa anapotofautiana nayo. Kwa mtu mmoja tofauti hizo ni milioni 4 hadi 5, na karibu zote hazina madhara. Kazi ya bioinfomatiki, yaani uchambuzi wa vinasaba kwa kompyuta, hospitalini ni kuzichuja mpaka zibaki moja au mbili za kumfaa daktari, au kusema wazi kwamba hakuna.

Ningependa kila darasa la vitendo lianze na siko seli. Uganda ina historia ndefu nayo: mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha uchunguzi wao wa jinsi ilivyosambaa katika makabila ya nchi hii. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2016, ulipima sampuli 97,631 za watoto wachanga, matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi baada ya kuchukuliwa kwa ajili ya kipimo cha VVU. Ulikuta asilimia 13.3 wamerithi jeni ya siko seli kutoka kwa mzazi mmoja. Ugonjwa wenyewe hauhitaji mashine ya bei kubwa kugunduliwa, na ndiyo sababu unafaa kufundishia. Jibu linapatikana kwa kipimo cha kawaida cha damu, hivyo mwanafunzi anaweza kujisahihisha.

Kitabu kinamwambia kwamba katika jeni ya siko seli A imegeuka T. Anafungua faili, anatafuta kromosomu ya 11, nafasi ya 5,227,002, anakuta T imegeuka A. Wengi hudhani wamekosea. Hawajakosea: DNA ina nyuzi mbili zinazoelekeana, jeni hii husomwa kwenye uzi mmoja, na faili huandikwa kwa kufuata uzi wa pili. Halafu anafungua faili la zamani kidogo na badiliko lilelile liko nafasi ya 5,248,232, kwa sababu faili hilo lilitumia toleo la awali la jenomu rejea. Ni kama mtaa uliobadilishiwa namba za nyumba. Anayetumia namba za zamani atabisha hodi kwa jirani. Kuchanganya matoleo hayo mawili ni kosa dogo la kuandika, lakini linaweza kumpa mtoto mgonjwa cheti cha uzima.

Bado kuna suala la kina. Tuseme vipande 6 tu vimefunika nafasi hiyo na vyote vina herufi ya ugonjwa. Programu itaandika kwamba mtoto amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Lakini mtoto aliyerithi kwa mzazi mmoja anaweza kutoa vipande 6 vya namna hiyo kwa bahati tu, mara moja katika mara 64. Mwanafunzi akishafanya hesabu hiyo kwa mkono wake hatasahau tena kuangalia idadi ya vipande kabla ya kuandika ripoti.

Kosa kubwa zaidi hutokana na hifadhi za data. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba Wamarekani weusi kadhaa walikuwa wameambiwa wana badiliko la jeni linalosababisha unene wa misuli ya moyo, kumbe mabadiliko hayo hayana madhara na ni ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika. Yalionekana adimu kwa kuwa waliolinganishwa nao walikuwa weupe. Laiti watu weusi wachache tu wangejumuishwa mapema, kosa hilo lingeepukika. Kwa hiyo watu wa Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa Uganda, wametufaa sana. Vinasaba vya wapatao 6,400 kati yao vilichunguzwa, na karibu 2,000 walisomwa jenomu nzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019.

Moja ya matokeo hayo linahusu kisukari. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hupima sukari iliyonata kwenye himoglobini, hivyo hutegemea pia hali ya chembe nyekundu zenyewe. Huko Kyamulibwa ilionekana kwamba upungufu wa kipande cha DNA cha herufi 3,700, unaosababisha aina ya thalasemia (ugonjwa wa damu wa kurithi), unahusiana na matokeo ya kipimo hicho. Jeni mbili za himoglobini zinazohusika zinafanana mno, kiasi kwamba vipande vifupi havijulikani ni vya ipi, na programu inayotafuta herufi moja moja hupita bila kuona kitu. Mafunzo yaliyonakiliwa kutoka ng'ambo hayaoni haja ya kusimama hapo. Ya kwetu lazima yasimame.

Pa kujifunzia pameanza kupatikana. Kuanzia 2016 mtandao wa H3ABioNet uliendesha kozi ya utangulizi katika madarasa ya nchi nyingi za Afrika, na mwaka 2019 kituo cha umahiri cha bioinfomatiki kilizinduliwa katika Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere. Ninachosisitiza ni mtihani wa mwisho. Mwanafunzi asiulizwe maana ya maneno. Apewe faili la mgonjwa asiyetajwa jina, pamoja na majibu yake ya sukari yasiyolingana na hali yake, kisha amwandikie daktari nusu ukurasa: kwamba kipimo cha miezi mitatu kisitegemewe peke yake kwa mtu huyu, jeni za himoglobini zipimwe kwa njia nyingine, na sukari ipimwe moja kwa moja kwenye damu asubuhi kabla hajala.