Kinyume cha "Short" Ni Kipi?

Waulize wanafunzi wawili wa Katesh, wilayani Hanang, kinyume cha neno la Kiingereza "short". Mmoja atajibu "tall", mwenzake "long", na wote wawili wamepata. Mwalimu akimnyima mmoja alama kwa sababu kitabu kimetaja jibu moja tu, anamwonea. Neno likisimama peke yake halina kinyume kamili. Mpaka ujue linasema habari ya kitu gani.

Kiswahili kimelitwisha neno -refu kazi nyingi. Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ni mrefu. Mchungaji wa Kidatoga ni mrefu. Barabara ya Babati hadi Singida inayopita Katesh ni ndefu, na kisima ni kirefu. Kwa Kiingereza mlima ni "high", mtu "tall", barabara "long", kisima "deep". Vinyume navyo vinafuata mkondo huo: kilima kidogo ni "low", kisima cha kina kifupi ni "shallow", ila mtu na barabara wanarudi kugawana "short" moja.

Kitenzi funga kinasumbua zaidi. Tunafunga mlango, tunafunga ndama kwa kamba, tunafunga kufuli, na vyote tunavifungua, maana Kiswahili hutengua tendo kwa kugeuza mwisho wa kitenzi tu: funga, fungua, ziba, zibua, anika, anua. Kiingereza kina "close" na "open" kwa mlango, "tie" na "untie" kwa ndama, "lock" na "unlock" kwa kufuli. Mtoto aliyekaririshwa kwamba fungua ni "open" ataandika kuwa baba ame-"open" ndama, na msomaji Mwingereza ataelewa kwamba ndama kapasuliwa.

Mara nyingine ni Kiswahili kinachookoa. "Old" ina vinyume viwili, "young" na "new". Lakini sisi hatuchanganyi mzee na kitu kikuukuu, kwa hiyo anayejua ni kipi kinachozungumziwa hapotei. "Light" nayo: ikiwa ni wepesi wa mzigo, kinyume ni "heavy", ikiwa ni mwanga wa chumba, ni "dark". "Right" ya mkono inapingana na "left", ya jibu inapingana na "wrong".

Wilaya za Mbulu na Hanang zina jambo la ziada. Hapa Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, Kinyaturu cha Kibantu na Kihadza cha bonde la Yaeda Chini, ambacho undugu wake na lugha nyingine haujathibitishwa, vinaishi jirani. Kwa watoto wengi Kiingereza ni lugha ya tatu, na shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili kabla ya sekondari kugeukia Kiingereza. Ningependa mwalimu anayejua Kiiraqw au Kidatoga amwache mtoto aseme kwanza kwa lugha ya nyumbani kinyume anachokikusudia, ndipo watafute pamoja neno la Kiingereza. Orodha za kukariri hazifikishi huko.

Viambishi vinasaidia, kwa tahadhari. "Un-" ni ya asili ya Kiingereza, kama katika "unhappy". "In-" ya kukanusha ilitoka Kilatini, nayo hugeuka "im-" ikikutana na p: "possible", "impossible". Hilo halipaswi kumshangaza msemaji wa Kiswahili, maana nasi husema nyumba nzuri lakini nyumba mbaya.

Tahadhari yenyewe ni kwamba si kila neno lenye "in-" ni kinyume cha lile lisilo nayo. "Invaluable" ni kitu chenye thamani isiyokadirika, wala si kitu duni. "Inflammable", ukiiona kwenye tangi la mafuta, maana yake ni ileile ya "flammable": kinashika moto upesi. "In-" hiyo ilikuja na kitenzi cha Kilatini cha kuwasha, haina ukanushi wowote. Kisichoshika moto huitwa "non-flammable".