Fahamu: "Ndiyo" ya Wazungu ilivyogawanyika

Kilatini, kilichozaa Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania, hakikuwa na neno moja maalumu la kukubali. Aliyeulizwa alirudia kitenzi cha swali, au alijibu "sic", yaani "hivyo". Hapo ndipo ilipotoka "sì" ya Kiitaliano, "sí" ya Kihispania na "sim" ya Kireno. Kusini mwa Ufaransa watu walishika "hoc", yaani "hili", likawa "òc"; kaskazini likaunganishwa na kiwakilishi "ille", likawa "oïl", na hatimaye "oui". Mwanzoni mwa karne ya 14, mshairi Mwitaliano Dante alizigawa lugha hizo kwa neno lao la kukubali tu, na jina la Languedoc limetokana na "òc". Kiromania kina "da", kama majirani zake Waslavi.

Kwa Wajerumani, Waholanzi na Waswidi, "ja" ndiyo iliyotawala. Kiingereza cha zamani kidogo kilikuwa na mawili: "yea" kwa swali la kawaida, "yes" kwa kupinga swali la kukanusha. Tofauti hiyo imekufa. Lakini Mjerumani akiulizwa "Hujala?" naye ameshakula, hujibu "doch", Mswidi "jo", Mfaransa "si". Mswahili akijibu "ndiyo" hapo, kwa kawaida anakubali kwamba hajala, na ndiyo maana wanafunzi wa Kiswahili kutoka Ulaya hukwama.