KUSOMA KIINGEREZA: SHAURI KWA MWANAFUNZI ANAYEANZA

Na Mwalimu wa Kiingereza



Katika kurasa hizi nataka kueleza jambo moja tu, nalo ni kusoma Kiingereza: kwa nini ni kazi ngumu kwa mtoto wa kwetu, na namna ya kujizoeza mpaka kazi hiyo iwe nyepesi. Sisemi juu ya kuzungumza, wala juu ya sarufi, ingawa hayo nayo yana mahali pake. Nasema juu ya kusoma, kwa sababu kusoma ndio mlango wa masomo karibu yote ya sekondari.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, isipokuwa chache. Mtoto hujifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na Kiingereza hukutana nacho katika kipindi chake tu. Akiingia Kidato cha Kwanza mambo hugeuka. Kitabu cha Biolojia ni cha Kiingereza, cha Jiografia ni cha Kiingereza, na mitihani ya Taifa ya Kidato cha Pili na cha Nne huandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili na masomo machache mengine. Basi mwanafunzi ajuaye vizuri kwa nini mmea uliofichwa gizani hugeuka rangi ya manjano, aweza kukosa alama zote za swali hilo kwa kuwa hakufahamu swali lilitaka nini. Na alama hizo ndizo zinazoamua kama ataendelea na masomo au atarudi nyumbani.

KWA NINI NI VIGUMU

Mtu aliyekwisha kujua kusoma Kiswahili hudhani kwamba amekwisha kujua kusoma lugha yoyote. Sivyo. Katika Kiswahili herufi ni mwaminifu. Ukiona a, hutamkwa a leo na kesho, mwanzoni mwa neno na mwishoni. Jambo hili lina sababu yake. Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Tahajia yetu ilisawazishwa na watu waliokaa pamoja wakikusudia iwe moja kwa wote.

Kiingereza hakikupata bahati hiyo. William Caxton alileta mtambo wa kupigia chapa Uingereza mwaka 1476, na tangu hapo maneno yakaanza kukaa katika maandishi kwa sura moja. Lakini vinywa vya watu havikungoja. Matamshi yaliendelea kubadilika kwa miaka mingi baadaye, hasa ya irabu, na maandishi yakabaki nyuma. Zamani Waingereza walitamka ile k ya neno “knife”. Leo hawaitamki, lakini bado wanaiandika. Kwa hiyo herufi 26 hubeba sauti kama 44, na herufi zile zile huweza kusomwa kwa namna nyingi. Tazama maneno haya: “though”, “through”, “tough”, “cough”. Yote yana “ough”, wala hakuna mawili yanayotamkwa sawa. Na neno “read” husomwa kwa namna mbili, kadiri ya wakati unaotajwa katika sentensi.

Kuna na shida ya pili. Lugha zetu za Kibantu hupenda kila silabi iishie kwa irabu. Ndiyo maana neno “bank” lilipoingia Kiswahili likawa benki, na “blanket” likawa blanketi. Hilo ni jema kwa Kiswahili, lakini mwanafunzi akichukua desturi hiyo kuipeleka katika kitabu cha Kiingereza, “desk” huwa desiki, na anayesikiliza hupotea. Irabu zetu za Kiswahili ni tano tu, hali Kiingereza kina kama ishirini. Kwa sababu hiyo “ship” na “sheep” huwa neno moja kinywani mwa wengi wetu.

Hapa nawatia moyo wanafunzi wanaozungumza Kinyaturu nyumbani. Kinyaturu kina irabu saba, wala si tano. Sikio lako limezoea tangu utotoni kutofautisha sauti mbili zilizo karibu na i. Lugha ya nyumbani basi si kizuizi, bali ni sikio la ziada.

KUSOMA SI KUTAMKA TU

Mara nyingi nimemsikiliza mwanafunzi akisoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama. Lakini nikimwuliza, “Je, umesoma habari gani?” hunyamaza. Macho yalipita juu ya maneno na ulimi ukafuata, ila akili ilibaki mlangoni. Huko si kusoma. Kusoma ni kupata habari iliyomo. Kutamka ni msaada wa kufikia hapo, na msaada huo ni mkubwa, lakini haufai kuchukuliwa kuwa ndio mwisho wa safari.

NAMNA YA KUJIZOEZA

Kwanza, chagua kitabu chepesi. Wengi huona haya kusoma kitabu chembamba chenye picha, wakachukua kikubwa ili waonekane wasomi. Fungua ukurasa mmoja, usome, na kila neno usilolijua ukunje kidole kimoja. Vidole vitano vikikunjwa kabla ya kufika mwisho wa ukurasa, kitabu hicho bado ni kigumu kwako. Kirudishe, uchukue kingine. Kisipokunjwa kidole hata kimoja, ni chepesi mno kwa kujifunza maneno, lakini ni kizuri kwa kupata mwendo.

Pili, sikiliza kabla ya kusoma. Mwombe mwalimu au mwanafunzi wa kidato cha juu akusomee aya moja, nawe ufuate kwa kidole. Kisha isome mwenyewe kwa sauti mara mbili au tatu. Kwa kuwa maandishi ya Kiingereza hayaonyeshi matamshi barabara, sikio ndilo mwalimu wa kwanza.

Tatu, soma kwa mafungu, si neno kwa neno. Chukua sentensi hii niliyoitunga: “The farmer put the bags of sunflower seed on the cart before the rain came.” Anayeanza huisoma kama mtu ahesabuye punje: the, farmer, put, the, bags... Afikapo mwisho amesahau mwanzo. Afadhali aigawe hivi: “The farmer / put the bags of sunflower seed / on the cart / before the rain came.” Sasa kila fungu lajibu swali. Nani? Alifanya nini? Wapi? Lini? Tena, katika kuisoma kwa sauti, usiyape maneno yote nguvu sawa. Maneno “farmer”, “bags”, “sunflower seed”, “cart” na “rain” hutamkwa kwa nguvu. “The”, “of” na “on” hupita haraka. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, nasi hatuufikirii. Katika Kiingereza hapana budi kuusikiliza.

Nne, usiikimbilie kamusi kila mara. Tuseme hulijui neno “cart” katika sentensi ile. Jiulize: mkulima aweza kuweka magunia ya alizeti juu ya kitu gani, mvua ikikaribia? Mtoto wa Iramba au Ikungi atasema mara moja: mkokoteni. Basi umelipata kwa akili yako mwenyewe, na neno lililopatikana hivyo halisahauliki upesi. Ukimaliza aya, ndipo ufungue kamusi uhakikishe. Andika katika daftari maneno matano kwa siku, si zaidi, na kila neno liandike pamoja na sentensi ulimolikuta.

Tano, funga kitabu useme. Kila baada ya ukurasa, eleza kwa maneno machache ulichosoma. Mwanzoni eleza kwa Kiswahili, wala usione haya. Maana ya jambo ni ile ile. Baadaye jaribu kwa Kiingereza.

Sita, soma kila siku. Dakika kumi na tano za kila siku zashinda saa mbili za Jumamosi. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kwa ajili ya mitihani, jizoeze hasa kusoma maneno ya amri. “State” yataka utaje tu. “Explain” yataka utoe na sababu. “Distinguish” yataka uonyeshe tofauti ya vitu viwili, si kueleza kimoja ukaacha kingine. Kabla ya kuandika jibu, pigia mstari neno la amri.

JAMBO HILI SI GENI

Baadhi ya wazazi huuliza: kwa nini watoto wetu wasifundishwe kwa Kiswahili mpaka mwisho? Swali hilo ni la haki, nalo lina umri mkubwa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulifuata pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha shule zetu wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakukijua kiasi cha kuweza kusomea masomo yao. Baada ya hapo, kwa msaada wa Uingereza, ukaanza mwaka 1987 mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, na sehemu yake kubwa ilikuwa kupeleka mashuleni vitabu vyepesi vya hadithi. Vitabu vya Richard Mabala kama Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, ambavyo vimesomwa kwa miaka mingi katika Kidato cha Kwanza na cha Pili, vina watu, magari na mashamba ya hapa hapa Tanzania.

Mabishano juu ya lugha yaendelee, nayo yana faida. Lakini mtoto aliye darasani leo hawezi kungoja yaishe. Mtihani wake uko karibu.

Wala asidhani amechelewa. Mwalimu Julius Nyerere alianza shule pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kizanaki. Mtoto huyo baadaye akasoma Kiingereza hata akaweza kukitafsiri kitabu cha Shakespeare, Julius Caesar, kwa Kiswahili, kikatolewa mwaka 1963. Na mwaka 1969 kikatoka Mabepari wa Venisi. Aliyafanya hayo akiwa kiongozi wa nchi mwenye kazi nyingi.

KWA WAZAZI NA WALIMU

Mzazi, usiseme, “Mimi sikijui Kiingereza, nitamsaidiaje?” Jioni mwambie mwanao akusomee ukurasa mmoja, kisha akueleze kwa Kiswahili, Kinyiramba au Kigogo. Akishindwa kukueleza, hakuelewa; mwambie arudie. Kazi hiyo haihitaji cheti. Hata maandishi ya mfuko wa mbegu za alizeti au ya chupa ya dawa ya mifugo yafaa kusomwa, maana hapo faida ya kusoma huonekana shambani na zizini. Lakini maelezo ya dawa yasifuatwe kwa kubahatisha. Muulizeni bwana mifugo.

Walimu wenzangu, tuwazuie wanafunzi wasimcheke anayekosea matamshi. Anayechekwa leo hatanyosha mkono kesho, na asiyesoma kwa sauti hapati wa kumsahihisha. Vitabu vya hadithi navyo visifungiwe kabatini kwa kuogopa visichakae. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Nawe mwanafunzi, leo baada ya vipindi chukua kitabu kimoja chembamba, fungua ukurasa wa kwanza, na uhesabu vidole.