NANI MKUU WA MAKWOTABEKI?
Ubishi wa bwaloni na somo lake kwa mwenye kiapo

Jioni moja bwaloni ulizuka ubishi usiohusiana kabisa na kazi za siku ile. Maofisa wawili waliopata kuhudhuria kozi nchini Marekani walikuwa wakishindana juu ya futiboli ya Kimarekani: ni nani aliyekuwa kwotabeki hodari kupita wote? Mmoja alimtaja Tom Brady, wa pili akamtaja Joe Montana. Chai ikapoa vikombeni, wala hapana aliyekubali kushindwa. Sisi tuliokuwa tukisikiliza tuliona kwamba swali lile, ijapokuwa ni la mchezo wa mbali, linamgusa kila mvaa sare. Kwa hakika ni swali la uongozi: kamanda hupimwa kwa kipimo gani?

KAZI YENYEWE

Kabla ya kuhukumu, yafaa tuujue mchezo. Mpira wake una umbo la yai, na aghalabu hushikwa na kurushwa kwa mikono. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu huongezewa manne mengine, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuuvusha mpira mstari wa mwisho ni pointi 6.

Kwotabeki ndiye kiongozi wa mashambulizi. Kabla ya jaribio wenzake humzunguka, naye huwapa amri: nani akimbilie wapi, nani amkinge nani. Kisha hupewa mpira, na watu watano wenye miili mikubwa husimama mbele yake kama boma, huku wapinzani wakijitahidi kulipenya boma hilo ili wambwage chini. Katika sekunde mbili au tatu hana budi kuuchungua uwanja, kuamua, na kurusha. Akikosea, pasi hunaswa na adui, na shambulio hugeuka kuwa hatari kwa upande wake.

MASHAHIDI WA KILA UPANDE

Wanaomtetea Brady wana hoja nzito. Mwaka 2000, timu zilipokuwa zikichagua wachezaji wapya, yeye alichaguliwa wa 199. Alipostaafu mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 45, alikuwa amecheza fainali kuu iitwayo Super Bowl mara 10 na kushinda 7: sita akiwa na New England, na moja akiwa na Tampa Bay. Katika fainali ya Februari 2017 timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi 28 kwa 3 dhidi ya Atlanta. Wengi walidhani vita vimekwisha. Brady hakubabaika, jaribio kwa jaribio aliirudisha timu mchezoni, wakashinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza.

Wanaomtetea Montana, wa San Francisco, hujibu kwamba yeye alicheza fainali nne, akashinda zote nne, na katika hizo zote hakurusha hata pasi moja iliyonaswa na adui. Mwezi Januari 1989, dhidi ya Cincinnati, zilikuwa zimebaki dakika tatu na kidogo, timu yake iko nyuma, na mbele yao zimelala yadi 92. Yasimuliwa kwamba wenzake walipokuwa na wasiwasi mwingi, yeye aliwaonyesha mchekeshaji mmoja mashuhuri, John Candy, aliyekuwa ameketi miongoni mwa watazamaji. Mioyo ikatulia. Wakasonga yadi zote 92, wakafunga zikiwa zimesalia sekunde 34. Mwenye kuongoza watu anajua thamani ya utulivu wa namna hiyo, kwa maana hofu ya mkubwa huwashukia wadogo upesi kuliko amri yake.

Wazee nao wana mtu wao, Johnny Unitas wa Baltimore. Mwaka 1955 timu ya Pittsburgh ilimwacha, akawa akicheza katika timu ndogo ya mtaani kwa dola 6 kila mchezo. Miaka mitatu baadaye, mwezi Desemba 1958, aliiongoza Baltimore kuishinda New York 23 kwa 17 katika fainali ya ligi iliyoingia muda wa nyongeza. Tena Unitas aliamua mipango mwenyewe palepale uwanjani. Tangu mwaka 1994 kwotabeki amekuwa akipokea maelekezo ya kocha kwa redio ndogo iliyofungwa ndani ya kofia yake. Unitas alikuwa na macho na akili yake tu.

USHINDI NI WA NANI?

Lakini tujiulize: je, idadi ya vikombe yatosha? Ushindi wa kwanza wa Brady, Februari 2002, ulipatikana katika sekunde ya mwisho kwa teke la yadi 48 la Adam Vinatieri. Brady ndiye aliyeifikisha timu mahali pa kupiga, lakini mguu haukuwa wake. Na wale watano wa boma, ambao majina yao hayaimbwi na mtu, wakilegea sekunde moja tu, mkono wa dhahabu haufai kitu. Kwa hiyo asemaye kwamba kwotabeki fulani ameshinda fainali saba asisahau kuongeza: yeye na wenzake.

HESABU YA ROGER STAUBACH

Yuko mtu mmoja ambaye hakutajwa bwaloni jioni ile, nasi twaona haifai askari tumsahau. Roger Staubach alikuwa kadeti wa Chuo cha Jeshi la Wanamaji cha Marekani, kilichoko Annapolis. Mwaka 1963 alipewa tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vya nchi nzima. Timu ya Dallas ilimchagua katika uteuzi wa wachezaji wa mwaka 1964, ikijua kwamba itamngoja, kwa kuwa alikuwa na kiapo. Alihitimu mwaka 1965, akalitumikia jeshi miaka minne, na mwaka mmoja kati ya hiyo aliutumia Vietnam kama ofisa wa ugavi. Aliporejea nchini kwake alicheza katika timu ya kituo cha wanamaji cha Pensacola, ili mkono usisahau kazi.

Alipovaa jezi ya Dallas mwaka 1969 alikuwa na umri wa miaka 27. Hapo ndipo penye uzito wa hadithi hii: Brady alipokuwa na umri huohuo wa miaka 27, alikwisha shinda fainali kuu tatu. Staubach alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Hata hivyo, katika misimu 11 aliiongoza Dallas kucheza fainali nne, wakashinda mbili, Januari 1972 na Januari 1978. Mwezi Desemba 1975, timu yake ikiwa nyuma na dakika moja haijatimia, alirusha pasi ndefu ya yadi 50 iliyodakwa na Drew Pearson, wakaishinda Minnesota 17 kwa 14. Staubach, ambaye ni Mkatoliki, alisema baadaye kwamba alifumba macho na kusali Salamu Maria. Tangu siku ile ilienea desturi ya kuiita pasi ya namna hiyo kwa jina la sala hiyo.

HUKUMU YETU

Tukimpa Staubach taji kwa sababu ya sare tu, tutakuwa tumependelea, na hakimu mwenye upendeleo si hakimu. Kwa matendo ya uwanjani, kwa kudumu misimu 23, na kwa kushinda akiwa na timu mbili mbalimbali, sisi twasema mkuu wao ni Brady. Patrick Mahomes wa Kansas City, aliyekwisha shinda fainali tatu kati ya tano hadi kufikia Februari 2025, huenda siku moja akatulazimisha tuifungue kesi hii upya.

Lakini daftari la michezo lina ukurasa uliokosekana. Miaka minne ya Staubach haimo humo, kwa sababu haikuwa ya kuhesabiwa kwa pointi. Wengi wetu tunao ndugu tuliosoma nao darasa moja, waliobaki uraiani. Leo wamejenga, wamefungua maduka, wamesomesha watoto, nasi tukirudi nyumbani likizo twaonekana kama watu waliochelewa. Neno hilo huuma, hasa linapotoka kinywani mwa mtu wa nyumba yako.

Askari mwenzetu, polisi mwenzetu, ukisikia hivyo mkumbuke yule ofisa wa ugavi aliyeanza akiwa na miaka 27. Alianza nyuma ya wenzake kwa sababu alitimiza kwanza neno alilolitamka, na alipopewa zamu hakuomba ahurumiwe kwa kuchelewa. Aliyelipa deni la kiapo haitwi mchelewaji.