Chenso ipi, gari lipi? Mambo ya kuamua kabla ya kuvuna miti yako

Ukipita Mufindi, Kilolo, Njombe au Makete, utakuta paina na milingoti mpaka kwenye mashamba ya familia. Kupanda na kupalilia wengi tunakujua. Siku ya kuvuna ikifika, swali linalosikika sana ni moja: msumeno wa mnyororo, yaani chenso, upi una nguvu zaidi? Swali hilo limewatia wengi hasara, na wengine limewaumiza. Anza na maswali mawili mengine: mti wangu una unene gani, na gogo litatokaje pale lilipoangukia hadi barabarani?

Pima mti kabla ya kwenda dukani

Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kwenye mti usawa wa kifua, kisha gawanya kwa 3. Mzunguko wa sentimita 90 ni unene wa karibu sentimita 30. Kwa miti ya sentimita 20 hadi 40, chenso yenye injini ya cc 50 hadi 60 na upanga wa inchi 16 au 18 inatosha. Upanga ni lile bapa refu ambalo mnyororo huzunguka.

Mashine kubwa za cc 100 na zaidi, zile za kupasulia mbao porini, zina uzito wa karibu kilo 10 hata kabla ya kufungwa upanga. Ile ndogo ni karibu nusu ya hapo. Mtu aliyeshika kilo 10 tangu asubuhi, ikifika saa nane mchana mikono inatetemeka, na hapo ndipo makosa yanapoanza.

Dukani, angalia breki ya mnyororo. Ni ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Ukiisukuma mbele, mnyororo unasimama papo hapo. Ncha ya upanga, hasa upande wa juu, ikigusa gogo, mashine hurudi kwa mkataji kama teke la punda, na breki hiyo ndiyo inayomwokoa. Mashine ya mtumba isiyo na breki, au ambayo breki yake haishiki, iache hata kama bei ni ya kutupa. Uliza pia kama vipuri vinapatikana mjini kwenu.

Usimalize hela zote kwenye mashine

Tenga fedha ya kofia ngumu yenye wavu wa uso na vizuia kelele, buti ngumu, na suruali maalumu ya mkata miti. Ndani ya suruali hiyo kuna nyuzi nyingi. Mnyororo ukiigusa, nyuzi hujisokota kwenye mashine na kuizuia isizunguke. Suruali ya jinzi haifanyi hivyo. Kandambili shambani ni hatari.

Nunua pia tupa ya duara inayolingana na mnyororo wako. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao. Ukiona unatoa vumbi kama unga, umekuwa butu. Acha kuukandamiza, noa.

Mafuta yanataka kipimo. Mashine nyingi za sasa, zikitumia oili nzuri ya 2T, huchanganywa 1 kwa 50: lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili. Soma kitabu cha mashine yako, maana nyingine hutaka oili zaidi. Petroli tupu huua injini. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari nayo usiitie kwenye mnyororo, kwa sababu ina chembe za chuma zinazokula upanga na pampu.

Unapokata

Washa mashine ikiwa chini, mguu ukiwa umekanyaga mpini wa nyuma na breki imefungwa. Usiiwashe ikining'inia mkononi.

Kabla ya kukata, fyeka njia mbili za kukimbilia, nyuma na pembeni ya upande ambao mti utalalia. Watu wengine wote wakae mbali, angalau urefu wa miti miwili. Mti ukiwa wa mita 20, hiyo ni mita 40.

Kata kwanza mdomo upande wa kuangukia, kina chake kikiwa robo ya unene au pungufu kidogo. Kisha kata kwa nyuma, juu kidogo ya usawa wa mdomo, lakini usikate mpaka mwisho. Acha ukanda wa mbao kama sehemu moja ya kumi ya unene: mti wa sentimita 30, acha sentimita 3. Ukanda huo ni bawaba, kama ya mlango, na ndio unaouongoza mti. Ukiumaliza, mti utaenda unakotaka wenyewe.

Mti ukining'inia kwenye mwenzake, usiupande, wala usikate ule ulioushika. Weka alama, watu wasipite chini yake, kisha uvute kwa kamba ndefu au winchi ukiwa mbali.

Gogo lina uzito kuliko unavyodhani

Gogo bichi la paina la unene wa sentimita 30 na urefu wa mita 4 lina uzito wa kilo 250 au zaidi. Kwa hiyo pikapu ya tani 1 imejaa kwa magogo 4 tu. Canter ya tani 3 inabeba yasiyozidi 12. Ukipakia 20, kwenye mteremko wenye utelezi breki haziwezi kulizuia gari. Shuka kwa gia nzito, funga magogo kwa minyororo, weka nguzo imara pembeni, na utingo asipande juu ya mzigo.

Kwa kuvuta magogo kutoka shambani, trekta inafaa. Fungia mnyororo kwenye ndoano ya chini kabisa nyuma ya trekta. Ukifungia juu, gogo likinasa kwenye kisiki trekta huinuka mbele na kumwangukia dereva. Kamba ya winchi ikiwa imekaza, pasiwe na mtu karibu nayo, maana ikikatika hurudi kwa kasi kubwa.

Kama unakodi

Si lazima kila mkulima anunue. Kikundi kinaweza kumiliki mashine moja na kumpeleka kijana mmoja au wawili wakajifunze. Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, na Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi, ni mahali pa kuulizia mafunzo.

Ukimwita mkataji wa kukodi, kabla ya kupatana bei mwambie akuonyeshe breki ikifanya kazi, buti na kofia yake, na mahali atakapokimbilia mti ukianza kulala. Akikucheka, tafuta mwingine. Na kabla ya mti wa kwanza kuanguka, fika kwa ofisa misitu wa wilaya uulize kuhusu kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia, ili magogo yako yasije yakalala kizuizini.