Kijaluba cha bibi kibaki, popoo ziachwe

Zamani, katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe na mashamba ya Unguja, kijaluba hakikukosekana. Ndani ya kisanduku hicho kidogo cha shaba au fedha, bibi aliweka uraibu wake: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Mgeni alipofika, au wanawake walipokusanyika harusini, kilifunguliwa wote wakakaribishwa.

Desturi hii imeenea kutoka pwani yetu hadi India na Kambodia, ambako vyombo vya kale vya tambuu hutafutwa sana na wakusanyaji. Basi mzazi, usikiuze kijaluba cha ukoo kwa bei ya chuma chakavu.

Kilichomo ndani ndicho kisichofaa kurithishwa. Mwaka 2003, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walithibitisha kuwa popoo husababisha saratani, hata ikitafunwa bila tumbaku. Kidonda cha mdomoni kisichopona, au mdomo unaokaza usifunguke vizuri, ni sababu ya kumwona daktari mapema.

Mtoto akiuliza, mwoneshe kijaluba na umsimulie kilivyotumika, ila usimwonjeshe popoo. Kisha kitieni udi au pete, kiendelee kutumika.

Na bibi anayetafuna hadi leo asikemewe mbele ya wajukuu. Zungumzeni naye faraghani, kisha mpelekeni akaguliwe kinywa.